Pedali Tatu na Vidole Viwili Vibovu

Vijana wa bendi waliponiaga, mmoja wao aliniuliza swali mbele ya sahani yake ya irio: kati ya pedali zote za kushusha sauti ya gitaa nilizowahi kukanyaga, ipi ilikuwa nzuri? Nikaanza kujibu. Chakula kilipoa, mke wangu akanifinya chini ya meza, na bado nilikuwa sijafika kwenye pedali ya kwanza. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi haifinyi mtu, na msomaji akichoka anaweza kuiweka kando akalala bila kunivunjia heshima.

Habari za vyeo mtanisamehe. Katika bendi ya dansi, mpiga besi huanza akiwa mpiga besi na hustaafu akiwa mpiga besi. Kinachopanda ni umri tu.

Nilianza Nyeri miaka michache baada ya uhuru, chini ya Mzee Wafula. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi, na katika ujana wake alipuliza tuba katika bendi ya polisi, lile tarumbeta kubwa ambalo mtu hulivaa kama blanketi. Alipostaafu, watu walitarajia arudi kwao. Yeye akapanga nyumba mtaa wa Skuta, akanunua ngoma, akakusanya watu wasiojuana na kuwaita bendi. Siku yangu ya kwanza nilifika na gitaa la mbao na ndoto ya kuwa mwimbaji. Alinisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono.

"Wewe uko na mikono kubwa na sauti mbaya," alisema. "Hiyo ni besi."

Nilichukua maneno hayo kama sifa kwa karibu mwaka mzima, hadi Mutua, mpiga ngoma wetu, mtu wa Machakos asiyejua kuficha jambo, aliponifafanulia.

Mzee Wafula hakuwa na mafunzo ya kukaa darasani. Alinifundisha kuegemeza taya kwenye ubavu wa besi ninapokaza nyuzi mahali penye kelele, kwa sababu mfupa husikia kile ambacho sikio limekosa. Alinifundisha kuvalisha shingo ya besi sweta mwezi wa Julai, maana baridi ya Nyeri hulegeza kila kitu isipokuwa ulimi wa mama mkwe. Maneno hayo ni yake, mimi nilikuwa sijaoa bado. Na sikio lake! Siku moja tulikuwa tukifanya mazoezi ukumbini naye akiwa nje barabarani, akila mahindi ya kuchoma. Aliingia na gunzi mkononi, akaja moja kwa moja kwangu, akakaza uzi wangu wa tatu kidogo tu, akatoka bila kunisalimu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiupiga uzi huo na sikuwa nimesikia kitu.

Sasa tufike kwa mbuzi.

Miaka kadhaa baadaye, nami nimeshaoa, tulikuwa tumepiga muziki kwenye sherehe ya mahari upande wa Othaya, na wenyeji kwa furaha yao wakatupa beberu. Kila mtu alikuwa amebeba chombo, mimi nikapewa kamba. Nimelala chumba kimoja na mbuzi utoto wangu wote, na najua vizuri jinsi kamba ya mbuzi inavyoshikwa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali mpya ya miguu mipana, na kulikuwa na wasichana karibu na lango, kwa hiyo niliizungusha kamba kwenye vidole vya mkono wa kushoto kwa madaha, kama bwana mwenye mbwa wa Ulaya. Beberu aliona lango wazi akakumbuka kwao. Alikwenda na vidole vyangu viwili vya katikati, nami nikafuata kwa sababu vilikuwa bado vimeshikamana na mimi. Wasichana walicheka hadi wakashikana mabega.

Vidole vilifungwa plasta hospitalini, na plasta ilipotoka vilikuwa vimepinda na havina nguvu. Kwa muda mrefu watu wa mjini hawakuniuliza habari za nyumbani. Waliuliza, "Beberu anasemaje?"

Nyie mnaopiga leo na nyuzi laini hamjui besi za wakati ule. Nyuzi zake zilikuwa nene kama waya wa kuanikia nguo, na kuzibonyeza kulihitaji mkono wa mtu anayepasua kuni. Nilijaribu. Kila nilipobonyeza, uzi ulitoa mlio wa kijiko kuanguka sakafuni. Lakini nyuzi nyembamba za gitaa la kawaida zilinikubali. Vidole vibovu viliziweza. Tatizo ni kwamba gitaa la kawaida halina sauti ya chini, na bendi ilikuwa tayari na watu wawili wa kupiga sauti ya juu, wote wazuri kuliko mimi.

Mzee Wafula aliniita kwake Skuta kwa chai. Alikuwa amemwalika pia Mwalimu Kariuki, aliyefundisha shule ya msingi na kupiga besi kanisani. Ningemchukia Kariuki kama angenisaidia kidogo kwa kuwa na tabia mbaya. Alinikaribisha kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kigoda.

"Nderitu," Mzee alisema, "bendi bila besi ni nyumba bila msingi. Mimi siwezi ngojea vidole. Mwalimu atashika besi."

"Ni sawa, Mzee."

"Sijamaliza. Ukipata sauti ya chini na hiyo gitaa yako ndogo, mahali yako iko. Usipopata, tutakuwa tunakunywa chai kama marafiki."

Neno hilo la marafiki liliniogopesha kuliko plasta. Kaka yangu alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba kuna kahawa ya kuchuma, na kwamba kikapu hakihitaji vidole vyote kumi. Sina ubaya na kahawa. Lakini tangu ujana wangu nilikuwa nimesimama nyuma ya watu wanaocheza, na sikujua mimi ni nani siku ambayo hakuna anayecheza. Niliogopa, niseme wazi. Usiku nilikuwa nalala nikibonyeza blanketi.

Mutua ndiye aliyeniletea wazo. Alikuwa amemwona mpiga gitaa wa bendi ya Nairobi akikanyaga kisanduku chenye kitu kiitwacho okteva. Gitaa linaingia upande mmoja, na upande wa pili noti ile ile inatoka ngazi nane mbali na ilipoingia, kama baba anaporudia neno la mtoto kwa sauti yake nzito. Nikamtumia binamu yangu wa Nairobi neno moja tu: okteva. Alikuwa mtu wa haraka. Kisanduku kilifika kwa basi, chekundu, kimefungwa ndani ya gazeti, kizuri kama peremende.

Nikawaita wote ukumbini. Hata Kariuki alikuja, na alikuja mapema ili anisaidie kubeba spika. Nikachomeka, nikasimama miguu mbali mbali jinsi nilivyoona watu wa Nairobi wakisimama, nikakanyaga, nikapiga noti ya kwanza.

Ilitoka sauti ya mbu anayeumwa na jino.

Nikazungusha kitufe. Mbu akawa wawili. Mutua aliweka fimbo zake za ngoma chini, akafunika uso kwa leso.

"Hiyo inaenda juu," Mzee Wafula alisema kwa upole. "Wewe unataka ya kwenda chini."

Mimi nilidhani okteva ni kama mvua, kazi yake ni kushuka tu. Kumbe kuna za kupanda. Basi somo la kwanza kwenu, na msicheke: kabla hujapenda rangi ya pedali, uliza inaelekea wapi. Ile nyekundu niliwapa wapiga solo wetu, na kwa miaka mingi waliitumia vizuri mno, nami kila ilipolia nilijisikia kama mtu anayeona koti lake limemkaa jirani.

Ya pili nilitengenezewa. Nyuma ya soko la Nyeri kulikuwa na fundi wa redio aliyeitwa Gathogo, mtu aliyeongea akiwa ameshika bisibisi kwa meno. Nilimweleza ninachotaka. Akaniuliza maswali mawili ya maana kuhusu umeme, ambayo majibu yake sikuyajua, na moja la bure.

"Na sanduku yake unataka iwe namna gani?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini nilikuwa bado na uchungu wa ile nyekundu kunipita, nikamwambia nataka kitu cha kupendeza, cha mbao, kipigwe vanishi, kitu ambacho mtu akikiona atajua mwenyewe ni msanii. Gathogo akaandika kitu kwenye kiganja.

Alichotengeneza kilikuwa kama sanduku dogo la kuwekea vito vya bibi harusi. Na sauti yake, jamani! Nilipiga noti moja ukumbini na vioo vya madirisha vikajibu. Ilikuwa nzito, ya mviringo, na ilibaki tumboni. Kulikuwa na mnong'ono kidogo nyuma yake, kama watu wanaosemana chumba cha pili, lakini nani hujali mnong'ono akiwa amepata alichokuwa akikililia? Mzee Wafula aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Kuna mtu ndani." Tulidhani anatania. Akaniruhusu nipige kwenye harusi iliyokuwa mbele yetu, upande wa Murang'a, Kariuki akae akiba.

Harusi hiyo ilikuwa ya watu wengi. Wanawake wa upande wa bwana harusi walifika langoni wakiimba, na wa upande wa bibi harusi wakakataa kufungua hadi waimbiwe vizuri, wakajibizana kwa nyimbo mpaka jua likawa kali. Nasi tukawa tunawasindikiza. Nikaona jukwaa letu liko mbali, nyuma kabisa, karibu na umeme. Nikajiambia, watu hawa wamekuja kumwona nani? Nikaunganisha waya mbili, halafu nikaongeza ya tatu, nikasogea mbele na sanduku langu la vanishi hadi karibu na meza ya maharusi. Mama Njeri, mke wangu, alikuwa miongoni mwa wageni. Alinifanyia ishara ya kunirudisha nyuma. Nilimpungia mkono.

Ilikwenda vizuri hadi wakati wa maombi. Mchungaji aliinua mikono, watu wakainamisha vichwa, nasi tukatulia, mimi mguu ukiwa bado juu ya pedali. Na kutoka kwenye spika yangu, kwa sauti safi kabisa, mwanamume akasema:

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha..."

Nikachomoa waya kwa nguvu zote.

Wale wazee mnakumbuka. Saa ile ya mchana redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na hakuna nyumba ambayo haikunyamaza kuyasikiliza, maana ndivyo watu walivyojua nani amefariki na atazikwa wapi. Hakuna jambo linaloogopwa kwenye harusi kama hilo. Lakini kosa langu halikuwa redio kusikika. Kosa langu lilikuwa kuchomoa waya kabla ya jina.

Uwanja mzima uliniangalia. Bibi yake bibi harusi, cucu kama tunavyosema kwetu, ajuza aliyekaa mbele na leso mpya kichwani, alisimama kwa fimbo yake.

"Ni nani?" aliuliza. "Amesema ni nani?"

"Cucu, sijui. Ni redio tu."

"Ati redio tu? Mimi niko na ndugu watatu Nakuru, wote wagonjwa. Rudisha huyo mtu amalize!"

"Lakini Cucu, hii ni gitaa."

"Rudisha!" wakasema watu wa nyuma. Mmoja alikuwa na shangazi hospitalini. Mwingine alikuwa na baba ambaye hakuja harusini kwa sababu ya kifua. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake. Nikamtazama mchungaji aniokoe.

"Kijana," mchungaji alisema, "rudisha, tujue tunaombea nini."

Nikachomeka. Watu wakanyamaza kiasi kwamba ungesikia kuku akitembea. Spika ikakohoa, ikanguruma, halafu yule mwanamume akasema kwa sauti ya furaha kwamba wakulima wa kahawa wanakumbushwa kupiga dawa mapema kabla ya mvua.

Mwishowe alitafutwa jirani aliyekuwa amesikiliza redio yake nyumbani, na ikajulikana kwamba marehemu alikuwa mtu wa mbali sana, hakuna aliyemjua. Cucu alikaa chini. Kisha akasimama tena, akasema hata hivyo ni mtoto wa mtu, akamwombea yule mgeni kwa Kigikuyu, maombi mafupi mazuri, na wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya maharusi, na harusi ikaendelea kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mzee Wafula hakunikemea. Alimwita tu Kariuki kwa kidole. Mimi nikaenda kukaa na wageni, na kwa mara ya kwanza nikasikia bendi yetu kutoka upande wanaokaa watu. Kariuki alikuwa mzuri. Nilitamani asiwe.

Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alinimegea nyama. "Wewe ndiye ule wa redio?" aliuliza. "Taarifa ya habari utatuletea saa ngapi?"

Niliporudi Nyeri nilimpelekea Gathogo sanduku lake. Alilifungua, akacheka mpaka bisibisi ikaanguka.

"Hii ingekuwa ndani ya mkebe ya bati, redio haingeingia. Mbao haizuii kitu. Na wewe ukaongeza waya mrefu, si hiyo ni erio ya kunasa redio tu!"

"Sasa mbona hukuweka bati?"

"Urisema unataka kitu ya kupendeza."

Somo la pili: pedali ikae ndani ya chuma, na waya uwe mfupi. Msanii ajulikane kwa njia nyingine.

Baada ya hapo Mama Njeri ndiye aliyeniweka sawa. Nilikuwa nimekaa jikoni nikitazama vidole vyangu, nikamwambia labda niende kuchuma kahawa. Aliendelea kukoroga chungu.

"Baba Njeri, wewe unajua kuchuma kahawa?"

"Najua."

"Basi hiyo haikimbii. Tafuta kwanza ile itakimbia."

Ya tatu niliipata Nanyuki. Bendi iliyokuwa ikipigia watalii hotelini ilikuwa inavunjika, kila mtu akienda kwao, na mpiga gitaa wao alikuwa na pedali ya kushuka, ya kahawia, ya chuma, vitufe viwili tu. Alikuwa mtu mwembamba na alilipenda koti langu la Jumapili. Tulibadilishana hapo hapo barabarani. Nilirudi Nyeri katika baridi ya jioni nikiwa na shati, nikiwa nimekumbatia kisanduku kama mtoto.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo yule kijana aliniuliza na sikuweza kuimaliza. Ukilinganisha sauti peke yake, ile ya Gathogo iliishinda ile ya Nanyuki. Ya Gathogo ilikuwa na mwili. Ya Nanyuki ilikuwa na adabu. Kitufe kimoja kilileta sauti ya gitaa lenyewe, cha pili kilileta ile ya chini, na siri ilikuwa kutomwachia huyo wa chini aseme peke yake. Ukifunga sauti halisi kabisa, noti inakuwa bila ncha, kama mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Ukiiacha kidogo tu, sikio la msikilizaji linashika ncha ile na tumbo lake linashika uzito, naye anadhani amesikia besi.

Lakini pedali hizi hazijui kuhesabu zaidi ya moja. Ukigusa nyuzi mbili kwa pamoja, inashindwa kuamua imfuate nani, na hukoroma. Ukishuka sana kwenye shingo, inakoroma. Noti ikififia na hujaizima kwa kiganja, inakoroma mkiani. Nilijifunza kupiga juu ya shingo, kutumia ile sumaku ya kunasa sauti iliyo karibu na shingo, kufunga kitufe cha toni kabisa, na kuzima kila noti kabla haijachoka. Mimi niliyekuwa nikijaza kila nafasi kwa noti, maana nilidhani mpiga besi akinyamaza watafikiri ameenda chooni, nikalazimika kuacha nafasi. Haikuwa hekima. Ilikuwa hofu ya kukoroma.

Na iling'ang'ania kukoroma. Katika kila zoezi ilikoroma angalau mara moja, na kila mara Mzee Wafula alifumba jicho moja kama aliyeingiwa na moshi. Ikaja safari ya Doldol. Watu wa huko walikuwa na mnada wa ng'ombe asubuhi, na mnada ukiisha walitaka dansi katika uwanja ule ule, kuchangia shule yao. Kabla hatujapanda lori Mzee alinivuta pembeni, Kariuki akisikia.

"Nderitu, nimengoja. Watu wananiuliza kama bendi yangu iko na besi ama iko na mgonjwa. Leo utapiga. Hiyo kitu ikikoroma mara moja, moja tu, unampa Mwalimu mahali. Na hiyo ndiyo mwisho. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, Mzee."

Kariuki alitazama viatu vyake.

Sasa, kuna jambo la betri. Pedali za aina hii hula betri wakati wote ambao waya umechomekwa, hata kama hupigi. Nilijua hilo. Nilikuwa nimewaambia watu hilo kwa sauti ya mtaalamu. Na jana yake, baada ya mazoezi, nilienda nyumbani nikauacha waya umechomekwa mpaka asubuhi. Niligundua tulipofika Doldol na kutega vyombo, vumbi bado likielea uwanjani. Kitaa chekundu cha pedali kilikuwa kimefifia kama makaa ya jana. Nilizunguka maduka yote. Kulikuwa na betri za tochi, kubwa kama chupa za soda, na muuzaji mmoja mwema aliyejitolea kuzifunga nne kwa kamba. Betri ya mraba, hapana.

Nikapiga hivyo hivyo. Sijawahi kupiga kwa uangalifu kama siku ile. Kariuki alikaa juu ya sanduku la amplifaya, besi ikiwa mapajani, imeshakazwa. Mzee Wafula alisimama mbele, mgongo kwetu, akituongoza kwa mkono mmoja kama kawaida yake. Watu walicheza. Wafugaji waliokuwa wameuza walicheza kwa furaha, na waliokosa kuuza walicheza kwa hasira, na wote walikuwa wakikanyaga chini pale pale nilipokuwa nikiweka noti. Noti moja. Nafasi. Noti moja. Nilihisi nguvu yake ikipanda kutoka ardhini kuingia kwenye magoti, na nilifurahi kiasi cha kusahau kuogopa. Nilidhani nimefika.

Katika wimbo wa mwisho kuna mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza na besi inabaki na noti moja ndefu. Mnaufahamu wimbo huo, bado mnaupiga. Nikaiweka noti. Ikasimama vizuri. Halafu katikati, bila chombo kingine cha kuificha, pedali ikakoroma. Haikuwa kukoroma kidogo. Ilinguruma, ikagugumia, ikamalizia na mlio mrefu wa kusikitisha, uwanja mzima ukiwa kimya.

Nilijua imekwisha. Nikainua mkono, nikaanza kuvua mkanda wa gitaa begani, mbele ya watu wote, na machozi yalikuwa yameshafika. Kariuki akasimama na besi. Mzee Wafula hakugeuka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, kiganja kikielekea chini, akamshusha Kariuki, kisha akazungusha kidole kimoja: endelea. Mutua akaingia na ngoma. Nikarudisha mkanda. Sauti ya chini ilikuwa imekufa kabisa, nikamaliza wimbo kwa gitaa tupu, bila kuona nyuzi.

Tulipokuwa tukikunja waya nilimfuata. Nilitaka lisemwe, liishe.

"Mzee, si ulisema ikikoroma mara moja?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Alikuwa anafunga kamba ya ngoma kubwa, na hakuinua uso.

"Sikusikia kitu," alisema. "Nilisikia ng'ombe tu. Shika upande huu, tupakie."

Nilishika. Kariuki alishika upande wa pili, akitabasamu kama mtu aliyepewa likizo. Nikatazama uwanja juu ya mabega yao. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ameondoka kabla hatujachomeka waya wa kwanza.